Alitubu Mpaka Fungu Langu

Watu wa siku hizi wakisikia neno huduma wanafikiria kusimama mbele ya kanisa na suti na kusalimia waumini. Huduma yetu sisi ilikuwa miguu. Miguu ya watu wa laini, wale waliolima ngano ya Makaburu kwenye mashamba yaliyouzunguka mji wa Eldoret, ambao sisi wote tulikuwa bado tunauita Sisibo. Vile vibanda vyao vya udongo, vilivyojengwa kwa safu zilizoitwa laini, vilijaa funza, na mtu mwenye funza hatembei mpaka ibadani, hashiki jembe vizuri, halali. Kwa hiyo kila Jumamosi chuo chetu cha misheni kilituma vikosi vya wanafunzi. Wavulana walifundisha wanaume kusoma, na sisi wasichana tulichuchumaa mbele ya beseni tukiwa na pini mkononi.

Nilikuwa hodari wa pini. Najisifu kwa hilo bila haya, maana sifa nyingine za ujana wangu nilinyang'anywa. Unaosha mguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, unaupaka dawa ya zambarau, halafu unatafuta kile kidoa cheusi. Ukiingia kwa pupa unapasua kifuko cha mayai na kazi yote inaharibika. Unazunguka pembeni taratibu mpaka kifuko kitoke kizima. Watoto walilia, lakini wazee ndio waliokuwa wakali. Mmoja alinigonga kichwa kwa fimbo yake, na Jumamosi iliyofuata akaniletea yai.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja niwe mwalimu. Baba yangu alikuwa mpagazi katika ghala la mizigo la reli, mtu aliyetoka magharibi akifuata kazi kama wengine wote wa landi ile tuliyoishi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na tayari alikuwa amenipangia mume. Huyo mume alikuwa msimamizi wao pale ghalani, mtu mzima aliyekuwa na ng'ombe nyumbani kwao na meno machache kinywani. Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba ya Mzungu mmoja wa benki. Nakumbuka siku aliyosimama mlangoni na povu bado likiwa mikononi, akamwambia baba, "Huyu atasoma. Ukitaka mwanamke wa kuoza, nioze mimi." Baba alicheka, na mama akajua kwamba ameshinda. Tangu siku hiyo alifua nguo za nyumba mbili badala ya moja. Mikono yake ilipasuka kwa magadi, lakini sikuwahi kumsikia akilalamika. Ng'ombe haelemewi na nundu yake, ndivyo alivyosema nilipomwuliza. Basi nilipokuwa nimechuchumaa mbele ya beseni, sikuwa peke yangu pale. Cheti kile kilikuwa changu na cha mama.

Katika kikosi chetu kulikuwa na mvulana wa mwaka wa mwisho. Alikuwa mwenyeji wa nyanda hizi hizi za Uasin Gishu, mtoto wa mkulima Mkristo, mrefu, asiyejua kuimba lakini anayeimba. Kazi ya kuchota maji mtoni ilikuwa ya zamu, ila yeye aliigeuza kuwa yake, na maji yake yote yalikuja kwenye beseni langu. Nilipokuwa nikitoa funza alimshika mtoto kichwa na kumsimulia habari za fisi aliyekwenda kuposa, na mtoto akasahau kulia. Vikongwe wa laini wana macho. Walikaa juani na miguu yao ya zambarau, wakasema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia, "Hawa wawili wataoana kwa pini."

Siku moja mvua ya mawe ilitukuta tukimwaga maji machafu nyuma ya stoo ya posho. Nyapara akatufungulia mlango, akakimbilia kwake. Tulisimama katikati ya magunia ya unga tukisikiliza mawe yakipiga mabati. Siku zote aliniita dada, kama ilivyokuwa desturi ya chuo, lakini siku ile aliniita kwa jina langu.

"Nikimaliza chuo nitaleta wazee wa kwetu kwa baba yako," alisema.

"Wataongea nini? Wa kwenu ni wa maziwa, wa kwetu ni wa ugali wa mtama."

"Watakula ugali na maziwa."

Nilicheka mpaka nikalazimika kuegemea gunia. Alinikumbatia, nami nikakaa pale kifuani pake mpaka mvua ilipoanza kupungua. Koti lake lilinuka moshi na dawa. Hakuna kingine kilichotokea, na sikutaka kingine. Tangu siku ile nilianza sala yangu ya asubuhi kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kabla hata ya kuomba habari ya mitihani.

Sasa niwaeleze uamsho, kwa sababu bila uamsho mambo haya hayaeleweki. Ulitujia kutoka upande wa Uganda, ukaingia chuoni kama moto unaoingia kwenye nyasi za Januari. Walioguswa waliitana ndugu wa kweli, na desturi yao kubwa ilikuwa kutembea nuruni. Maana yake, kitu chochote ulichoficha moyoni ulisimama ukakisema mbele ya wote, Jumapili alasiri, na ukishakisema wenzako waliimba wimbo wa sifa na kuja kukukumbatia mmoja mmoja. Sitaki mtu afikiri ninawadhihaki. Niliwaona watu waliokuwa maadui wakila sahani moja. Niliona mwalimu akimwomba mpishi msamaha huku akilia. Mimi mwenyewe nilisimama nikatubu kipande cha nyama nilichokitoa kwenye sufuria ya jikoni, wakaniimbia vizuri sana, nikarudi kitini nikiwa mwepesi.

Mwaka ule mkuu wa chuo, mmisionari mwenye sauti ndogo, alitangaza kwamba baadhi ya wanaomaliza watatumwa kaskazini, kule kwa wafugaji wa nchi kame, kufungua shule na kuhubiri. Sharti lilikuwa moja. Anayejitoa lazima kwanza amwage moyo wake wote mbele ya ushirika, asibakize hata punje. Yule mvulana alikuwa akiitamani kazi hiyo tangu utoto. Aliniambia njiani tukirudi kutoka laini, nami nikamwambia hata kule kaskazini watu wana miguu, nitakuja na pini yangu. Alifurahi. Mimi nilidhani tunapanga safari moja.

Jumapili ya ushuhuda nilikaa upande wa wasichana, benchi la katikati. Aliposimama nilijua atasema maneno mazuri, nikanyoosha shingo ili nimwone.

"Ndugu zangu na dada zangu," alisema, "nimeficha kitu, na Bwana amenikataza kwenda kaskazini nacho. Kule kwenye laini, ndani ya stoo ya posho, nilimkumbatia dada yetu mmoja wa kikosi chetu. Nikamwahidi ndoa, wazazi hawajui, kanisa halijui. Leo nimekileta nuruni. Damu ya Yesu imenisafisha."

Hakunitaja jina. Kuna watu mpaka leo wanamsifu kwa hilo. Lakini kikosi chetu kilikuwa na wasichana watatu, na chuo kizima kilijua nani alikuwa akipelekewa maji. Wimbo ukapanda. Walimwendea wakamkumbatia, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa machozi, na ninaapa kwamba hakuwa mnafiki. Afadhali angekuwa mnafiki, ningejua la kumfanya.

Halafu wimbo ukaisha na watu wakanyamaza, kwa sababu kulikuwa na desturi nyingine. Dhambi ya watu wawili, mmoja akiileta nuruni, wa pili naye husimama. Walinisubiri. Hawakunisubiri kwa ubaya. Walikuwa wameshavuta pumzi tayari kuniimbia. Mimi sikusimama. Niliutazama mgongo wa msichana aliyekuwa mbele yangu, gauni lake lilikuwa limeshonwa kiraka begani, na nilikaa mpaka mkuu alipotoa sala ya kufunga.

Matroni wetu alikuwa mjane mwema, mnene, mwenye magoti mabovu. Alinichukua jikoni kwake akanipa uji.

"Mwanangu, si usimame tu useme? Hata maneno mawili. Wanataka kusikia, basi iishe."

"Niseme nini, Mama?"

"Sema ulikosa."

"Sikukosa."

Alinitazama sana. "Mimi najua," alisema. "Lakini kunywa uji, halafu Jumapili useme."

Mkuu naye aliniita. Alisema kwa upole wake kwamba msichana aliyetajwa hadharani na asiyetubu hawezi kukabidhiwa watoto wa watu awafundishe. Nilikuwa na wiki moja ya kujifikiria. Aliposema hivyo sikumwona yeye, niliona mikono ya mama.

Katikati ya wiki yule mvulana akaja. Hakuja peke yake, maana sasa hakuruhusiwa kuniona peke yangu. Alikuja na ndugu wawili wa ushirika, wakasimama nami karibu na kuni za jikoni, mchana kweupe.

"Dada, tumekuja kwa upendo," alisema.

"Karibuni."

"Ukitubu, moyo utakuwa mwepesi. Mimi sasa nalala vizuri."

"Nafurahi kusikia unalala."

Aliinamisha kichwa. Wale ndugu wawili walikuwa wakinitazama kama watu wanaosubiri mgonjwa ameze dawa. Nilitaka sana waondoke, hata kidogo tu, nione kama macho yake yatakuwa yale ya stoo. Hawakuondoka, ikabidi niulize mbele yao.

"Ulitubu kunishika. Sawa. Na ile habari ya kuleta wazee kwetu?"

Aliwageukia kidogo wale ndugu, kisha akanigeukia.

"Nilitubu yote, dada."

"Yote?"

"Yote. Sikubakiza."

Ndugu mmoja akasema, "Bwana asifiwe," kwa sauti ya chini.

Nimezika watu tangu siku ile. Nimemzika mama yangu, nimezika mtoto. Sisemi maumivu yale yalipita haya, ningekuwa mwendawazimu kusema hivyo. Lakini kwenye misiba ile nililia na watu wakanishika mikono. Pale kwenye kuni nilisimama na watu watatu waliokuwa na furaha. Alikuwa ameliweka penzi letu pamoja na sukari iliyoibwa na majibu yaliyonakiliwa kwenye mtihani, akalitupa lote, na alikuwa amekuja kunishauri nilitupe langu pia. Moyo wangu ulivunjika hapo hapo, na kilichonishangaza ni kwamba nilikwenda kumsaidia matroni kuchambua maharagwe.

Jumapili ilipofika nilikuwa nimekata shauri. Nitasema yale maneno mawili. Nilijiambia kwamba Mungu si mtoto, anajua mtu akisema kitu kwa ajili ya mama yake. Nikasimama. Benchi zote zikageuka, na mama mmoja wa kwaya alikuwa ameshafungua kinywa. Nikafungua changu. Maneno niliyoyapanga yalikuwa pale, nilikosa, nisameheni, lakini nilimwona amekaa mbele, amefumba macho akiniombea nimtubu, na yakatoka mengine.

"Nilimpenda," nilisema. "Mungu anajua."

Nikakaa. Hakuna aliyejua kama waimbe au wasiimbe. Mmoja akaanza, akaona yuko peke yake, akakohoa. Mkuu akasema tusimame kwa sala.

Kesho yake nilipanda gari la ng'ombe lililokuwa likipeleka mahindi mjini, na sanduku langu la bati likawekwa juu ya magunia. Matroni alinisindikiza mpaka kwenye miti ya miwati na magoti yake yale, akilia njia nzima.

Baba hakunipiga. Alimtazama mama akasema, "Haya, si uliona?" na akatoka. Maneno hayo yalitosha kumkata mama. Yeye hakuniuliza lolote siku ile. Asubuhi alifua gauni lake la kanisani, akalipiga pasi likiwa bado na unyevu, akafunga kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama, akaenda chuoni kwa miguu. Nilimwona akivuka reli, mgongo umenyooka kabisa.

Jioni alirudi, akavua kitambaa, akakikunja. "Wanakusalimia," alisema. Ndiyo maneno yote aliyosema. Akaweka sufuria motoni.

Nilikuja kusimuliwa na matroni baadaye sana kilichotokea kule. Mama alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya mkuu, mbele ya wazee wa ushirika. Aliwaambia kwamba kama mtoto wake ana moyo mgumu, ni yeye aliyemlea vibaya, kwa hiyo yeye ndiye atakayesimama Jumapili mbele ya chuo chote atubu badala yangu, na mtoto arudishwe darasani. Alikuwa tayari kusema chochote ambacho wangemwambia aseme. Mkuu alimwinua kwa heshima. Akamweleza taratibu, akisaidiwa na mkalimani, kwamba katika imani yetu hakuna mtu anayeweza kutubu fungu la mwingine.

Na yule aliyekwisha kulitubu fungu langu, bila kuniuliza, alikuwa darasani wakati huo akijiandaa kwa safari. Nilipoambiwa habari hii nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Niliweka kikombe cha chai chini nikakasirika kiasi ambacho sikujua bado ninaweza. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Wamesema kweli.

Kabla ya mavuno mengine ya mahindi niliolewa na yule msimamizi wa ghala. Hakuwa mtu mbaya. Alinunua sukari bila kuombwa, na hakuwahi kunirushia ile habari ya chuo usoni, ingawa aliijua. Sikumpenda, naye hakudai. Nilifua nguo za Wazungu pamoja na mama, mabeseni yetu yakiwa yamekaa ubavu kwa ubavu, mpaka kifua chake kilipomshinda na nikabaki nafua peke yangu. Siku za mwisho, pale hospitali, alikuwa akiniuliza kama shule zimefunguliwa. Nilimwambia ndiyo. Sikujua alikuwa akimwuliza nani, mimi niliyekuwa mbele yake au yule aliyetaka niwe.

Yule mvulana alikwenda kaskazini. Habari zake zilifika kwa vipande, kwamba alifungua shule, kwamba aliugua malaria karibu afe, kwamba alioa binti wa mchungaji, kwamba amekuwa mchungaji mwenyewe. Kila mara nilitaka kujua zaidi na kila mara nilijichukia kwa kutaka.

Kisha mwaka mmoja, uhuru ukiwa haujaja lakini kila mtu akiuzungumza, kulikuwa na mkutano mkubwa wa kiroho kwenye uwanja nje ya mji. Watu walitoka mpaka Plateau na mbele zaidi, kwa baiskeli, kwa malori ya ngano. Nilikwenda na wanawake wa kanisa letu. Sikujua kwamba yeye ndiye mhubiri mpaka alipopanda jukwaani. Alikuwa na mvi pembeni na sauti yake ilikuwa imekomaa, ila alipoanzisha wimbo alikosea tuni ile ile, na kifua changu kikafanya kitu ambacho hakikuwa na haki ya kukifanya kwa mwanamke wa umri wangu.

Alihubiri vizuri. Halafu akatoa ushuhuda wake, na mimi nilikuwamo. Alisimulia laini, funza, mvua ya mawe, stoo ya posho. Alisimulia jinsi alivyokuwa karibu kuupoteza wito wake kwa ajili ya msichana, na jinsi nuru ilivyomwokoa. Watu waliitikia kwa pamoja kila alipotua. Ilionekana ameusimulia mara nyingi, maana alijua mahali pa kunyamaza. Nikaelewa kwamba miaka hii yote, wakati mimi nafua, nilikuwa nikihubiriwa kwa watu wa kaskazini, chini ya miti ya miiba, na watu wakiokoka kwa ajili yangu.

"Na yule dada naye hakupotea," alisema. Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Naye alitubu. Bwana alimwinua, akamaliza masomo yake, akawa mwalimu. Leo anafundisha watoto habari za Mungu. Tumpe Bwana utukufu!"

Uwanja mzima ukampa Bwana utukufu. Sijui kama kuna mtu aliyemdanganya, au kama alijitungia mwenyewe siku moja kule mbali ili aendelee kulala vizuri, kisha akaja kuamini. Nilimtazama sana kuona kama anajua. Hakujua.

Kando yangu kulikuwa na mama mmoja kijana kutoka Yamumbi, mgeni kwangu, mtoto amemlalia mapajani. Alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Mungu ni mwema," aliniambia. "Mimi nilikuwa namwogopea huyo msichana. Kumbe alipata ualimu! Mama, wewe ni wa hapa Sisibo, hukuwahi kumwona? Anafundisha shule gani?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia sijawahi kumwona.